Viazi vya Kukaanga: Mkulima na Ajifunze Kazi ya Karai



Mwezi huu nataka tufikiri pamoja juu ya safari ya kiazi. Kiazi hung'olewa Kinangop au Ol Kalou, hutiwa guniani, hupakiwa katika lori usiku, na kabla ya jua kuchomoza kimekwisha fika Nairobi katika soko la Wakulima, ambalo wenyeji huliita Marikiti. Kutoka hapo huchukuliwa kwa mkokoteni au kwa matatu mpaka mitaa ya Eastlands: Kaloleni, Makongeni, Jericho, Buru Buru, Umoja, Kayole na Dandora. Huko humenywa, hukatwa vipande vyembamba sana, hukaangwa katika karai, hutiwa chumvi na pilipili, na kufungwa katika vipakiti. Hizo ndizo krisipi. Tena vipakiti vingine hurudi mashambani na kuuzwa katika vibanda vilivyo karibu na shule. Hapo mtoto wa mkulima hutoa shilingi zake kununua vipande vichache vya kiazi ambacho labda baba yake alikiuza kwa gunia.

Watu wengi wakiona hayo husema, "Tumeibiwa." Mimi sisemi hivyo. Mwanamke anayekaanga krisipi Kayole haibi kitu. Hununua kiazi kwa fedha zake, na mafuta kwa fedha zake, na kuamka alfajiri ni kwake. Ninalosema ni kwamba mkulima hamjui mnunuzi huyu, wala hajui anataka kiazi cha namna gani, na kwa kutojua huko hupata hasara kila msimu. Dawa yake ni rahisi: mkulima na ashike karai nyumbani kwake, akaange kiazi chake mwenyewe, naye ataona kwa macho yake thamani ya kile anachokipakia katika lori.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na nyumba yangu iko katika mitaa hiyo ya Eastlands. Mchana huandika habari za magunia, na jioni hupita mbele ya makarai. Tena nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya ofisi, basi mtaniwia radhi nikitumia hesabu.

KIAZI NI MAJI

Kwanza yafaa tujue kiazi ni kitu gani. Katika kilo moja ya kiazi, karibu sehemu nne kati ya tano ni maji. Sehemu iliyobaki ndiyo ukavu wake, yaani wanga na vitu vingine vidogo. Anayekaanga krisipi huyafukuza maji yote, na mahali pake mafuta huingia. Kwa hiyo krisipi iliyo tayari ni ukavu wa kiazi pamoja na mafuta, na karibu theluthi moja ya uzito wake ni mafuta.

Sasa tupige hesabu. Chukua gunia la kilo 50. Ukimenya utatupa kama kilo 5, zibaki 45. Ikiwa ukavu wa kiazi ni sehemu 20 katika 100, katika kilo hizo 45 mna kilo 9 tu za ukavu, na utapata krisipi kama kilo 14. Lakini ikiwa kiazi kimekomaa vema, na ukavu wake ni sehemu 24 katika 100, mna kilo 10 na zaidi ya nusu, na krisipi zitakuwa kama kilo 17. Ukifunga gramu 50 katika kila pakiti, gunia la kwanza litatoa pakiti 280, na la pili 340. Magunia yote mawili ni ya uzito mmoja, na kazi ya kumenya ni ileile, lakini pakiti 60 zimepotea katika maji.

Tena kiazi chenye maji mengi hunywa mafuta mengi zaidi, na mafuta ndiyo yanayokula faida ya mkaangaji. Katika kilo 14 za krisipi mna kama kilo 5 za mafuta yaliyoingia ndani yake. Basi ukimpelekea mama wa Dandora kiazi kichanga, umemwuzia maji, kisha umemlazimisha anunue mafuta ya kuyafukuza maji hayo. Je, msimu ujao atakutafuta wewe?

JINSI YA KUKAANGA NYUMBANI

Usiniamini kwa maneno tu. Pima mwenyewe. Chukua kikombe kimoja cha chumvi, ukikoroge katika vikombe 11 vya maji mpaka chumvi iyeyuke yote. Tia viazi vyako kimoja kimoja. Kinachozama kina ukavu mwingi, kinafaa karai. Kinachoelea kina maji mengi, kifanye cha mchuzi. Baada ya kupima, vioshe kwa maji safi.

Kisha fanya hivi:

Kwanza, chagua viazi vilivyokomaa, visivyo na macho yenye shimo refu, kwa maana macho hayo hupoteza kiazi kingi katika kumenya. Kiazi chenye rangi ya kijani kibichi usikitumie kamwe. Rangi hiyo ni dalili kwamba kimepigwa na jua na kuingia sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Pili, menya na ukate vipande vyembamba vilivyo sawasawa, unene wake usipite ule wa sarafu ya shilingi. Kibao chenye wembe hukata vizuri kuliko kisu. Vipande vikiwa vinene na vyembamba pamoja, vingine vitaungua na vingine vitabaki vibichi katikati.

Tatu, osha vipande katika maji baridi, umwage, uoshe tena, mpaka maji yawe meupe safi. Maji yale ya kwanza yenye rangi ya maziwa ni wanga uliotoka katika vipande, na wanga huo ndio unaovifanya vigandamane karaini.

Nne, vikaushe kwa kitambaa safi. Maji yakiingia katika mafuta ya moto huruka na kumchoma mtu. Watoto wakae mbali na jiko, na karai likae imara juu ya mafiga.

Tano, pasha mafuta. Tia kipande kimoja: kikizama na kukaa chini, mafuta hayajapata moto, kikipanda mara moja kwa mapovu mengi, yako tayari. Mafuta yakitoa moshi yamezidi, yaondoe motoni kidogo. Tia vipande vichache kwa wakati mmoja, kwa sababu ukijaza karai mafuta hupoa na krisipi hulegea.

Sita, sikiliza. Mapovu ni maji yanayotoka. Yakipungua na sauti ikitulia, maji yamekwisha. Toa krisipi zikiwa na rangi ya dhahabu, zichuje mafuta, uzitie chumvi zingali moto.

Saba, ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunga. Ukizifunga zingali na moto, mvuke utazilainisha. Zitunze mahali pakavu pasipo mwanga, kwa maana hewa na mwanga huyaharibu mafuta yakaanza kunuka.

Mafuta yakigeuka meusi, au yakianza kutoa povu zito, usiyatumie tena. Najua ni ghali, lakini mafuta mabovu huharibu krisipi mpya na hudhuru afya ya walaji.

Njia hii hufaa mazao mengine pia. Ndizi mbichi, viazi vitamu na nduma hukaangwa vivyo hivyo. Muhogo pia hukaangwa, na huko Mombasa watu huula kwa pilipili na ndimu, huuita kachri. Lakini sharti uwe muhogo mtamu, maana muhogo mchungu una sumu. Hata sukuma wiki hufaa: toa vikonyo, kausha majani vizuri, yapake mafuta kidogo kwa mkono, kisha yaoke kwa moto mdogo katika sufuria yenye makaa machache juu ya kifuniko, kama akina mama waokavyo keki. Majani huwa makavu, huvunjika mdomoni, na watoto wanaokataa mboga huyala.

RANGI NI USHAHIDI

Baadhi yenu mtakaanga kama nilivyoeleza, na krisipi zitatoka nyeusi kabla hazijakauka. Msilaumu moto. Kiazi chenyewe kina sukari nyingi. Sukari hiyo hutoka mahali pawili. Kwanza, kiazi kilichong'olewa kichanga bado hakijageuza sukari yake kuwa wanga. Pili, kiazi kilichowekwa mahali pa baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari tena. Baridi ikishuka chini ya digrii 8 hivi jambo hili huenda kwa haraka, na ninyi wa Kinangop mnajua baridi ya usiku wa kwenu. Kiazi kilichopata baridi kikiwekwa mahali pa joto la kadiri kwa wiki mbili hivi, sukari hupungua, lakini haitoki yote.

Weusi huo si kasoro ya sura tu. Katika mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vyenye wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hupata kitu kiitwacho akrilamaidi, ambacho wataalamu wanakihofia kwa habari ya saratani. Kadiri sukari inavyozidi katika kiazi, na kadiri krisipi inavyokuwa nyeusi, ndivyo kitu hicho kinavyozidi. Basi kanuni ya nyumbani ni hii: rangi ya dhahabu ndiyo ya kula, nyeusi itupwe. Na mwenye kupunguza weusi huo tangu mwanzo ni mkulima, kwa kuvuna wakati wake na kwa kutunza vema.

MNUNUZI WA KWELI NI NANI?

Mtakumbuka mambo ya Januari 2022. Hoteli za KFC hapa Kenya zilikosa vibanzi, kwa sababu viazi vyao vilikuwa vikitoka ng'ambo na meli zilikuwa zimechelewa. Wananchi wengi walikasirika, wakauliza kwa nini kampuni iagize viazi na hali Nyandarua imejaa viazi. Kampuni ilijibu kwamba hununua kwa wale tu ambao ubora wao umekwisha kaguliwa.

Hasira ile ilikuwa ya haki, lakini hasira haiuzi kiazi. Tena nilishangaa kwamba sote tuliitazama hoteli kubwa, na hakuna aliyemtazama mama wa Umoja mwenye karai moja. Yeye hangoji meli. Hununua viazi vyetu mvua ikinyesha, jua likiwaka. Tumempa nini? Tumempa kiazi kilichong'olewa mapema kwa sababu bei ilipanda, ngozi yake yachubuka kwa kidole. Tumempa gunia lililochanganya wakubwa na wadogo, wazima na waliokatwa na jembe. Na kiazi kizuri hakioni gunia lake, kwa sababu dalali amevimwaga vyote pamoja.

Hapa pana jambo la lumbesa. Kanuni za Viazi za mwaka 2019, zilizotolewa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Hata hivyo, magunia yaliyoshonewa kofia bado hupita njiani. Mkulima husema, "Nikikataa, lori litakwenda kwa jirani." Ni kweli, akikataa peke yake. Lakini katika skimu tumezoea kutenda pamoja. Maziwa tumeyauza kwa ushirika, na mabwawa ya kuogeshea ng'ombe tumeyatumia kwa zamu. Kwa nini kiazi kiwe kitu cha kila mtu na shida yake?

Maoni yangu ni haya. Wakulima 10 au 20 wa kijiji kimoja wapande kiazi cha namna moja. Kwa krisipi, Dutch Robyn mwenye ngozi nyekundu anajulikana tangu zamani kwamba anafaa. Lakini waulizeni wataalamu wa KALRO kule Tigoni, kwani kuna mbegu nyingine zilizotoka huko. Shangi tunayoipenda huzaa haraka na huiva haraka jikoni, lakini huchipua upesi ghalani, basi si ya kuweka. Wakate majani wiki mbili kabla ya kuvuna, ili ngozi ishike. Wachague ukubwa mmoja, watie katika magunia ya kilo 50 yaliyopimwa kwa mizani, na wapeleke mtu mmoja mwaminifu Eastlands akazungumze na wakaangaji wenyewe. Wakaangaji nao wengi wana vyama vyao vya akiba. Chama kwa chama mtaelewana bila mtu wa katikati, au angalau mtu wa katikati atajua kwamba mnajua bei.

JE, TUKAANGE NA KUUZA WENYEWE?

Wengine wataniuliza, "Kama faida iko karaini, kwa nini tusikaange hapa hapa skimu na kupeleka krisipi Nairobi?" Jibu langu laweza kuwakera wengine. Krisipi ni nyepesi lakini zinajaza nafasi kubwa. Gari hujaa upesi, na barabara mbovu huzivunja. Mama wa Jericho hukaanga asubuhi, na jioni watu wa mtaa wake wamekwisha nunua. Kwa Nairobi, yeye ndiye aliye karibu na mlaji, nawe uko karibu na udongo. Kila mtu ana mahali pake pa nguvu.

Lakini shule yenu, soko lenu, kituo chenu cha matatu, hivyo viko karibu nawe. Huko wewe au mkeo mwaweza kuuza. Ukitaka kuuza, fuata sheria. Anayeshika chakula cha watu sharti awe na cheti cha afya, na pakiti zinazoingia madukani sharti ziwe na alama ya ubora ya KEBS na jina la mtengenezaji. Kuhusu nailoni, tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, basi uliza kwanza ni pakiti za namna gani zinaruhusiwa kabla hujatoa fedha zako.

Na hapa nina neno kwa mabwana. Mara nyingi fedha za gunia huingia mfuko wa baba, na mama aliyepanda na kupalilia hazioni. Ikiwa mama ndiye anayekaanga na kuuza, fedha za karai na ziwe mkononi mwake, na daftari liwe lake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na aandike kila kitu: viazi kilo ngapi, mafuta lita ngapi, makaa, chumvi, pakiti ngapi zimetoka, ngapi zimeuzwa, ngapi watoto wamekula. Watu wengi hufa na biashara kwa sababu hawakuandika hizo za mwisho.

KAZI YA MWEZI HUU

Nawaomba jambo dogo. Kabla lori halijaja, chagua viazi 10 kutoka rundo lako, uvitie katika maji ya chumvi kama nilivyoeleza. Hesabu vilivyozama na vilivyoelea. Kaanga kilo moja, upime krisipi ulizopata. Ukipata gramu 280 au zaidi, kiazi chako kina ukavu wa kutosha, nawe waweza kusimama mbele ya dalali na kumwambia una nini guniani. Zikitoka chini ya hapo, au zikitoka nyeusi, usiseme wanunuzi wa Nairobi ni wabaya. Jiulize ulivuna lini na uliweka wapi.

Andikeni hesabu hizo katika karatasi, mzilete pamoja katika mkutano wa kijiji, kila mtu na mbegu yake na tarehe aliyovuna. Msimu mmoja wa hesabu kama hizo utawaonyesha wazi ni shamba gani linatoa kiazi cha karai na ni lipi linatoa cha mchuzi. Vyote viwili vina mnunuzi, lakini haifai kuviuza katika gunia moja.

Karani wa Ofisi ya Kilimo